Probably, na Jicho la Mama

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa kidato cha pili, katika shule ya sekondari kule Ngenge, aliandika ubaoni kichwa cha somo: adverbs of certainty. Akatafsiri: vielezi vya uhakika. Chini yake akapanga maneno: certainly, definitely, surely, probably, perhaps. Hakueleza hata moja. Alisema yote yanaonyesha uhakika, tunakili, yatatoka kwenye jaribio. Yakatoka. Nilipata yote, darasa likanipigia makofi.

Muhula huohuo mama alichomwa jicho la kushoto na tawi la mbuni akichuma kahawa kibanjani kwetu. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali Bukoba, maana yeye anajua Kihaya tu. Daktari wa macho alikuwa mgeni kutoka nje, na nesi wa kumtafsiria alikuwa ameitwa chumba kingine. Daktari alimmulika mama taratibu, akanipa chupa ya dawa ya matone.

"It will probably heal with these drops," akaniambia. "Come back on Friday if it still hurts."

Mama akauliza amesemaje. Nikamwambia jicho litapona kwa dawa ile, ni hakika kabisa, na turudi Ijumaa kama bado linauma. Nilisema kwa sauti, kwa sababu wagonjwa waliokuwa kwenye benchi mlangoni walikuwa wakinisikiliza na nilitaka wajue kwamba nimesoma.

Ijumaa ilipofika jicho lilikuwa jekundu na linauma kuliko mwanzo. Baba akasema twende. Mama akakataa. Kama kupona ni hakika, alisema, dawa haijamaliza kazi yake tu, na kahawa inaivia mtini. Nilimuunga mkono. Wiki iliyofuata jicho likaanza kutoa usaha, ndipo tukarudi.

Safari hii nesi alikuwepo. Kidonda kilikuwa kimekula mboni. Mama hangeona tena kwa jicho lile. Nesi akamuuliza kwa ukali kwa nini hakuja Ijumaa. Mama akajibu kwamba daktari alimhakikishia atapona. Daktari alipotafsiriwa akatikisa kichwa, kwamba hakusema hivyo. Nesi akamtazama mama kama mtu anayetunga uongo, na mimi nikamkasirikia daktari. Nilijua nilichosikia. Kwa mwaka mzima nilimchukia daktari yule, na mama alimsema vibaya kwa kila jirani.

Kidato cha tatu tulipata mwalimu mpya, binti aliyetoka chuoni. Siku moja alisoma sentensi yenye probably akaifafanua: huenda, yaani inaweza kuwa na inaweza isiwe. Nilimwomba arudie. Akarudia. Sikusikia kingine chochote kipindi kile.

Kesho yake nilibeba daftari langu la zamani hadi ofisi ya walimu. Mwalimu wa kidato cha pili alikuwa anakunywa chai. Nikamwonyesha ukurasa, nikamweleza habari ya jicho la mama tangu mwanzo hadi mwisho. Akausoma, akanirudishia daftari.

"Kichwa cha somo si kinasema uhakika?" aliniuliza. "Na wewe si ulipata alama zote? Ungekuwa huelewi ungeuliza."

Kwenye darasa lake, mwanafunzi aliyeuliza swali alichapwa. Nililitupa daftari mezani, chai ikamwagika. Nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima, na nikaambiwa itafutwa nikiomba radhi. Nilifyeka wiki nzima.

Jumamosi nilimwambia mama tukiwa tunamenya ndizi. Aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo yule daktari hakutudanganya?"

Nikasema hapana, ni mimi. Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine. Afadhali angenigombeza, maana hasira niliyokuwa nayo juu yangu haikupata pa kutokea, ikarudi yote kwa mwalimu, na hadi leo iko huko.

Sasa naishi Bilele, mjini Bukoba. Mwalimu amestaafu, naye yuko mjini, na mara nyingine tunakutana sokoni. Namwamkia shikamoo kwa sababu ya umri wake. Ananiitikia, ananiuliza mama hajambo.

"Haoni kwa jicho la kushoto," namjibu, kila mara hivyohivyo, na namtazama mpaka aondoke.