Ng'ombe Mkubwa Kuliko Serikali

Miaka hiyo kila duka mjini Eldoret lilikuwa na picha ya Rais ukutani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba picha nyingine yoyote ikae chini yake, tena iwe ndogo. Mama alilisahau hilo la mwisho.

Alikuwa na picha moja tu ya nyanya, mama yake, ya kuenea kiganjani. Nyanya amesimama na ng'ombe wake kule Ainabkoi. Ng'ombe huyo ndiye aliyeuzwa ili duka letu lifunguliwe, na nyanya akafariki kabla ya kuliona. Mama alitaka alione, hata kama ni kutoka ukutani.

Mpiga picha aliyepelekewa aikuze alimweleza kwamba akikuza uso, ng'ombe atakatwa. Akimwacha ng'ombe mzima kwenye fremu ya kawaida, uso utabaki kama punje ya maharagwe. Mama akataka vyote viwili. Basi ikaletwa picha iliyobebwa na watu wawili.

Baba alifunga mlango wa duka mchana kweupe. "Chifu akiingia hapa nitamwambia nini? Ati ng'ombe ni mkubwa kuliko serikali?"

Mama aliipeleka chumbani mwao, akaitundika mkabala na kitanda.

Sasa, kwetu mwanamume havui hata koti mbele ya mama mkwe. Baba akaanza kuzima taa kabla ya kugusa kifungo cha shati. Asubuhi alivalia ndani ya blanketi, na sisi watoto, upande wa pili wa ukuta wa mbao, tulisikia kitanda kikilia na Baba akiomba radhi. Tulicheka hadi tukafukuzwa nje. Mama alikuwa akipangusa kioo cha picha tu.

Mwishowe Baba alienda studio mwenyewe. Alirudi na picha iliyozidiwa na ya Rais kwa upana wa kidole, ng'ombe mzima, uso punje ya maharagwe. Ile kubwa aliomba ihamie kwa dada yake Mama. Hii akaipigilia chini kabisa nyuma ya kaunta, sawa na macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha Mama.

"Hapa utamwona vizuri," alimwambia. "Na yeye ataona duka."

Mama alikaa, akamtazama nyanya, kisha akalia waziwazi huku mteja akingoja sukari. Baba ndiye aliyempimia.