Mbwa wa Kukimbia na Magurudumu

Mwanangu, weka simu chini unisikilize, maana leo nimechoka kweli. Ipo siku moja ya usichana wangu kule milimani ambayo hainitoki. Kaka yangu alimfunga mbwa wa machungani mchana kutwa, eti usiku awe mkali. Mbwa akakata kamba, akamuuma ndama. Kaka akashika fimbo amuue. Babu akamzuia mkono: "Huyu alizaliwa kutembea na ng'ombe. Umemunyima kazi yake, sasa unamwita mubaya?"

Nilidhani mambo hayo tuliyaacha huko. Kumbe yametufuata hadi huku Louisville, Marekani.

Amani, mtoto wa kaka yuyo huyo, alileta nyumbani kwetu, mtaa wa Iroquois, mbwa wa aina ya Dalmatian, mweupe wa madoadoa meusi, aliyemtoa kwenye makazi ya mbwa wasio na mwenyewe, atulindie nyumba. Akawa anamfungia bafuni akienda kazini, ili usiku awe mkali. Nikamkanya, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mbwa akatafuna mlango, akatafuna na viatu vyangu vya kanisani, na hilo ndilo lililonikera zaidi, sifichi. Mwenye nyumba akatuonya.

"Tantine, huyu ni mwehu," Amani akaniambia mimi shangazi yake. "Bon, kesho ninamurudisha kule nilimutoa. Wakimuua, wamuue."

Hakuwa amejiuliza hata siku moja mbwa huyo ni wa kazi gani. Zamani mbwa hawa walikimbia kando ya magari ya farasi mwendo wa kutwa nzima, wakifukuza mbwa wa njiani wasiwashtue farasi. Wakifika, walilala bandani kulinda farasi na mizigo. Kiumbe wa namna hiyo unamfungia bafuni!

"Toa baiskeli," nikamwambia.

"Donc, nimutembeze kama muzungu?"

"Mutembeze kama mutu mwenye akili."

Alitoka amenuna. Nikawafuata bustanini, nikakaa kwenye benchi. Mbwa hakuvuta kamba. Alijipanga mwenyewe kando ya gurudumu la nyuma, wakazunguka hivyo mpaka Amani akaishiwa pumzi. Akailaza baiskeli majanini. Mbwa akalala mbele yake, na mpita njia aliposogea, akanguruma.

"Ulitaka mulinzi," nikasema. "Huyo hapo."

Kesho yake Amani hakumrudisha popote.

Mwanangu, kabla hujamwita kiumbe mbaya, uliza kwanza aliumbiwa nini. Umuulizie na mwanao, anayevunja vyombo ndani kwa kuwa hujamtoa nje tangu theluji iyeyuke. Mungu akupe miguu ya kwenda na wale aliokukabidhi, na akupe subira kubwa kuliko yangu.