Tochi Imezimika Baba Zuhura Akiwa Kisimani

Jamani, mikono bado inanitetemeka.

Mchana huu mume wangu, Baba Zuhura, kashuka kwa ngazi kusafisha kisima chetu cha maji ya mvua.
Mimi nipo juu namulika na tochi yangu mpya. Ndogo kama kidole, lakini balbu yake kali kama taa ya pikipiki!

Muuzaji pale sokoni Newala aliniapia inakaa na chaji saa nane.
Hakusema hizo saa nane ni kwa mwanga hafifu. Mimi nimeweka ule mkali kuliko yote.
(Wenye tochi hizi, za kwenu zinakaa muda gani?)

Nusu saa haijafika, nasikia: "Mama Zuhura, kuna kitu kinatembea ukutani. Mulika vizuri!"

Tochi ikazimika hapo hapo.

Nikaita. Kimya.
Nikaita tena. Kimya.
Nikajua ni nyoka, na mimi nimeshakuwa mjane.

Mara sauti ikatoka chini, taratibu kabisa:
"Usiiwashe tena. Ilikuwa inanipofusha. Sasa hivi naona vizuri kwa mwanga wa jua."

"Na hicho kitu?"

"Kivuli cha ngazi. Kilikuwa kinatembea kwa sababu wewe unatetemeka."