Mbegu Nyekundu za Shamba la Hua

Juzi nilisimama katika duka la mbegu hapa Azaiba, nimefuata mbolea ya mrehani wangu, ambao hufa kila mwaka kwa ukaidi tu. Muuzaji akafungua gunia nyuma ya meza yake, na harufu ikanijia puani: kali, tamutamu, kama rangi ya kucha iliyochanganywa na vumbi. Wasomaji wangu, mbolea niliisahau. Mimi ni mtu mzima, cheti changu cha sekondari nimekipatia darasa la usiku nikiwa na watoto wanne, sitishiki ovyo. Lakini harufu ile ilinichukua mzimamzima ikanirudisha kwenye miaka tisa, nimesimama katika shamba la Babu, viganja vyekundu kama bibi harusi aliyepakwa hina na kipofu.

Babu, mzaa mama, alirudi kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na alipofika Muscat kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa udongo. Kazi na nyumba vilifuata. Alipata kipande hapa Azaiba, enzi ambazo bustani zilikuwa bado zinashuka hadi karibu na pwani. Sehemu kubwa alipanda ndimu na majani ya mbuzi kama watu wote. Upande wa mwisho ulikuwa wa hua. Kila mwaka aliwapandia mtama, na joto likivunjika alimwalika rafiki yake Mzee Khalfan, anayekaa Wattaya, aje na wanawe na bunduki zao za marisau. Siku hizi uwindaji una vibali na makatazo yake. Nasimulia ya wakati ule, simtii mtu hamu.

Msidhani kumwandalia hua shamba ni kumwaga nafaka tu. Kuku huchakura, lakini hua hana kazi hiyo. Miguu yake laini. Anataka ardhi tupu ya kutembelea, aokote kilicho juu, huku akiona pande zote nani anakuja. Kwa hiyo mtama ukikauka Babu aliukata kwa mistari, mmoja umesimama, mmoja umelala, na ile iliyolala tuling'oa visiki vyake, tukaokota mawe, tukafagia mpaka ungeweza kusali pale bila msala. Bibi alisema sebule yake haijapata kufagiwa hivyo tangu aolewe. Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kunyamaza. Wiki nzima hakuna kupita, hakuna kuitana, hakuna redio. Hata jogoo Babu alimhamishia kwa jirani.

Mwaka ule hua hawakuja.

Na Babu alikuwa ameshajitapa kwa Khalfan kwa simu kwamba safari hii wataziba jua. Mimi nilipewa kazi ya kuwahesabu kila asubuhi kwenye dirisha la stoo. Jumatatu sita. Jumanne wanne. Jumatano wawili, na nadhani mmoja wao alikuwa amepotea njia. Babu aliacha kula. Alikonda, wallahi, mpaka saa yake ikawa inateremka hadi kwenye kiwiko. Jioni alisimama mlangoni akitazama mbingu tupu, na Bibi akamwambia, "Mwache Khalfan aje, tutampa kuku, tumwambie ni hua mkubwa." Babu hakucheka. Wageni walikuwa wanakuja Ijumaa baada ya sala, na moyo wangu haukuvumilia kumwona Babu akiaibika.

Alkhamisi, hatuna skuli, niliingia stoo asubuhi na mapema. Juu ya kabati palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Nilikwishaambiwa nisiliguse. Kwetu mtoto huambiwa usiguse, basi. Hapafuati "kwa sababu". Nikapanda juu ya ndoo. Ndani mlikuwa na mtama uliobaki siku ya kupanda, lakini mtama gani huo! Mwekundu, unang'aa kama shanga. Nikajiambia, ndiyo maana hua hawaji, Babu amewawekea chakula cha kila siku, na karamu ameificha. Nikashuka nalo shambani, nikaimwaga karamu kwenye mistari yote iliyofagiwa, kiganja baada ya kiganja, mpaka kopo likaisha.

Na hua wakaja. Hapo ndipo penye ajabu. Jua halijapanda vizuri, wakaanza kutua kwenye waya wa umeme, kumi, ishirini, nikaona kama hua wote wa Uarabuni wamepata habari. Nikakimbia barazani.

"Babu! Wamekuja! Nimewatilia mbegu nyekundu!"

Babu alikuwa ananywa kahawa. Kikombe kilimtoka. Alinirukia mzee yule wa miaka sabini, akanishika mikono yote miwili, akainusa. Akanipanua mdomo kama mtu anayenunua mbuzi.

"Umetia mdomoni? Rukia, umetia mdomoni?"

"La, Babu."

"Sema kweli!"

"Wallahi, Babu, hata moja."

Nilidhani ananituhumu kwa wizi wa mtama. Bibi ndiye aliyenieleza, huku akinisugua mikono kwa sabuni mara tatu, kama sufuria iliyounguza wali. "Mbegu ile imetiwa sumu ya wadudu, mwanangu. Hua akila, imo ndani yake. Na kesho Khalfan akimla hua huyo?" Akanitilia maziwa gilasi nzima, akanisimamia mpaka nikaimaliza. Mimi kwa hesabu yangu nilikuwa nimekwisha muua Mzee Khalfan na wanawe wote, nimewazika, na ninasubiri kuja kukamatwa.

Asubuhi ile tulifanya kinyume cha wiki nzima. Babu aliyetukataza hata kupiga chafya alichukua sinia la shaba akaingia nalo shambani akilipiga kwa mwiko. Bibi alipepea kanga akiwatukana ndege. "Nendeni huko! Nendeni Qantab mkale samaki!" Hua wakaruka, wakazunguka, wakarudi. Hawakuwa wameogopa vya kutosha, na chakula walikuwa wamekwisha kukiona. Ikawa mmoja anapiga sinia, wawili wanapiga magoti wakiokota punje moja moja. Mimi nilivikwa mifuko ya plastiki mikononi. Nyekundu inaonekana, msiwe na wasiwasi, lakini nilikuwa nimemwaga kwa ukarimu, na kila niliponyanyua kichwa niliona mstari mrefu zaidi ya ule nilioumaliza. Jua likatukalia mgongoni. Waya wa umeme juu yetu ulikuwa umejaa, wote wanatutazama sisi.

Na Babu hakuniacha nipumue. Kila mara aliliweka sinia chini akanijia.

"Jina lako nani?"

"Rukia."

"La mama yako?"

"Zuhura."

"Leo siku gani?"

"Alkhamisi."

"Nitazame. Nitazame machoni." Kisha anarudi kwenye sinia lake. Dakika kumi, anakuja tena, yale yale. Nilijua maana yake: anaandaa kesi. Ananiuliza jina ili akanishitaki kwa baba. Gari nalo alikuwa ameligeuza, mdomo unaelekea lango, ufunguo umo ndani.

Kabla ya adhuhuri Bibi akamwona hua mmoja chini ya mtama uliosimama. Ametutumua manyoya, macho yamefumba, amesimama kama mzee anayesinzia msikitini. Tukamkaribia, hakuruka. Babu akakunja magoti mbele yake. Hua akalala ubavu, akapiga bawa moja, akatulia.

Babu akachimba shimo la kina cha mkono, akamfukia. Kisha akaenda kwenye simu, nikamsikia. "Khalfan, msije. Shamba limeharibika. La, mimi. Mimi ndiye niliyeliharibu." Akaisogeza simu mbali na sikio. "Cheka, baba, cheka."

Alipotoka alikuja kwangu moja kwa moja. Uso wake ulikuwa mbaya, na mimi, ambaye nikiogopa ndipo utani unaponitoka, nikataka kumchekesha.

"Jina lako nani?"

"Khalfan," nikasema.

"Leo siku gani?"

"Jumapili."

Sijapata kumwona mtu akibadilika vile. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alininyanyua kama gunia, akakimbia, Babu ambaye ngazi tatu za baraza alizipanda kwa kupumzika, akanitupa garini, akatoka langoni bila viatu, bila kofia. Bibi alibaki anakimbia nyuma na kanga. Njia nzima honi haikunyamaza. Mimi nalia, "Utani, Babu, utani!" naye hasikii, anasema tu, "Usilale. Usilale, mwanangu. Nisomee Alhamdu." Nikaisoma mara saba.

Alinipeleka zahanati, na hapo nikajua mambo yamekwisha, kwa sababu kwetu mtoto mkaidi hutishiwa sindano, nami nilikuwa nimeletwa kudungwa. Daktari, mama mmoja mpole, akanimulika macho, akanishika mkono akihesabu, akanitazama ulimi. Akaniuliza kwa Kiarabu leo siku gani. Nikasema Alkhamisi, na jina langu, na la mama, na kwamba ile Jumapili nilikuwa namtania Babu tu, tafadhali wasinidunge.

Daktari akamgeukia Babu, akamwambia sina kitu, lakini nikae pale mchana kutwa waniangalie.

Babu hakunipiga. Hakunigombeza. Aliteremka taratibu mpaka akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, miguu yake mitupu yenye vumbi imenyooshwa mbele yake, akajifunika uso kwa mikono. Mabega yakawa yanatikisika. Mimi kitandani nilihuzunika sana. Nilijua analilia hua wake.

Niliamini hivyo miaka mingi. Mpaka mwalimu mmoja wa darasa la usiku, akitufundisha huduma ya kwanza sisi wanawake wazima tuliobanana kwenye madawati ya watoto, alisema aliyeingiwa na sumu mwulize jina, mwulize siku, mtazame macho, na akianza kujibu ovyo usingoje. Niliomba ruhusa nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi nikalia hivi kwamba mlinzi aliniletea maji akidhani nimefeli.

Babu alikuwa ameshatangulia. Kila sikukuu, alipokuwa hai, nilikuwa namwendea nimbusu mkono na kumwomba msamaha kwa hua wa mwaka ule. Na kila sikukuu yeye alinitazama, akakunja uso, akauliza, "Hua gani?" Nilidhani ananistahi. Kumbe mzee wa watu hakuwa akiwakumbuka kabisa.