Vibao Sita vya Mzee Sakaya

Ukimuuliza Elifuraha ni kibao gani, kati ya vyote alivyochora maishani mwake, ambacho bado kinasomeka, atakuna kidevu, ataangalia juu, kisha atakutajia kile cha choo cha stendi, kwa sababu kiko ndani na jua halikifikii. Anakwambia mwenyewe, na anacheka kabla wewe hujaanza. Ana kibanda chake pale Levolosi, Arusha mjini, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mlangoni kumeandikwa VIBAO VYA KUDUMU, na hata hayo maandishi ameshayarudia mara nne. Mkewe, Sia, huwaambia wateja kwamba mume wake ni mtaalamu wa kurudia.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya Mzee Sakaya. Haya bwana.

Mzee Sakaya alikuwa fundi mwashi huko Maji ya Chai. Saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa watu aliiomba, akaipeleka kwake, akaundia sanamu. Ziko sita, kubwa kuliko binadamu, zimesimama uani kwake kando ya barabara kuu: mama mjamzito, mchunga ng'ombe, binti na ndoo, watoto pacha, mkulima wa kahawa, na bibi kizee aliyeshika kiuno. Baadaye presha ya macho ikamkamata, ikamla pole pole, mpaka akabaki kuona mwanga tu. Hapo alitaka kitu kimoja, mpita njia ajue sanamu inaitwaje na kwamba aliyeiunda ni Sakaya. Maana watu walikuwa wanasema zimeletwa na wazungu, na maneno hayo yalimuuma kuliko macho yenyewe.

Elifuraha akamwahidi kwa kifua mbele. Akachagua mbao na rangi ya mafuta, akapaka mikono mitatu, akarudi mjini anapiga mluzi. Jua likazinyonya hizo mbao mpaka zikawa nyeupe, na mvua za masika zikamalizia. Hakukata tamaa, akaleta mabango ya plastiki ya kuchapisha, yale yanayong'aa. Miezi miwili haikuisha, moja likaonekana ng'ambo ya barabara limefunika banda la kuku, jina la Sakaya likitazama mbinguni. Mengine Mungu ndiye anajua yanaanikia mahindi ya nani.

Mara ya tatu akatumia akili nyingi zaidi, na akili nyingi za Elifuraha ni kitu cha kuogopa. Akanunua aluminiamu na nguzo za kuifungia. Haipati kutu, hailiwi na mchwa, haipauki. Akasahau jambo ambalo kila mtu Arusha nzima analijua, kwamba aluminiamu inauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alipokwenda kukagua alikuta nguzo sita zimesimama zenyewe, hazina kitu. Huenda vibao vyake vimeshakuwa sufuria na watu wanapikia makande.

Mzee akasikia hatua, akatoka na fimbo yake. Elifuraha akampa shikamoo, na mzee baada ya kuitikia akauliza lile swali alilouliza kila mara: "Bado vinasomeka?"

Hapa ndipo Elifuraha anapojidharau mpaka leo. Angeweza kusema vimeibwa. Badala yake akasema vinasomeka vizuri kabisa. Mzee akamwomba amsomee. Naye, mwanaume mzima mwenye wajukuu, akasimama mbele ya nguzo tupu akasoma kwa sauti: Mama Mjamzito, Sakaya, elfu moja mia tisa tisini na nane. Akahamia nguzo ya pili, akasoma. Akazimaliza zote sita, na kwenye ile ya watoto pacha akasita kidogo, akaikaribia kama mtu ambaye maandishi yamemsumbua. Mzee alikuwa anatikisa kichwa tu, kwa utulivu.

Usiku ule hakula. Sia alipomuuliza akasema ni tumbo.

Asubuhi akaenda moja kwa moja kwa Dismasi, fundi wa mawe ya makaburi, akaagiza mawe sita yachongwe kwa tindo, herufi ziingie ndani hasa. Jiwe halipauki, halifuniki kuku, na hakuna sufuria ya jiwe. Dismasi ni mtu wa kazi. Siku kumi mawe yakawa tayari, jina la sanamu, chini yake Sakaya, chini yake mwaka. Juu ya kila jiwe kulikuwa na msalaba mdogo, kwa sababu mkono wa Dismasi umezoea hivyo. Elifuraha aliiona misalaba. Aliiona, na kama Mlutheri akaipenda, akasema hilo pambo limekaa vizuri. Kisha, ili wezi wasiyang'oe, akayalaza chini mbele ya sanamu na kuyazungushia zege.

Unaona mwenyewe alichokitengeneza. Yeye hakukiona.

Aliyekiona ni Skolastika, mama anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara. Alipiga simu siku ya tatu, sauti ya chini, akauliza kwa upole kama Elifuraha ana habari za msiba kwa Mzee Sakaya. Madereva wa malori walikuwa wanavua kofia wakipita. Akina mama wa kanisani, waliokuwa wanatoka kwenye kipaimara, walisimama wakaimba pambio mbili. Mmoja alifika kwenye jiwe la watoto pacha, akasoma mwaka, akalia kweli kweli, na alipoona kaburi jingine ni la mama mjamzito wakashindwa kumnyamazisha. Kulikuwa na beseni la rambirambi. Watu walikuwa wanaulizana ni ugonjwa gani uliomaliza familia nzima hivyo, na kwa nini kila mmoja alijengewa mnara.

Elifuraha akahisi masikio yanawaka. Akachukua nyundo, tindo na gunia, akapanda gari la kwenda Maji ya Chai, njia nzima akijitukana kimoyomoyo kwa Kimeru, maana Kiswahili hakikutosha. Alishaamua. Atayang'oa mawe yote, ataomba radhi, na kibanda cha Levolosi atakifanya cha kuuza vocha.

Alimkuta Mzee Sakaya amepiga magoti kwenye jiwe la mama mjamzito. Fimbo ameilaza pembeni. Kidole chake cha shahada, kilichokakamaa kwa saruji ya miaka, kilikuwa kinatembea ndani ya herufi, moja baada ya nyingine, midomo ikifuata. Kilipofika mwisho wa jina lake kikarudi mwanzo, kikaanza tena.

Elifuraha akasimama na gunia lake. Akaanza kueleza habari za misalaba, za Dismasi, za rambirambi, kwamba ataondoa kila kitu leo leo. Mzee akamkatiza.

"Misalaba ifute. Majina usiyaguse."

Kidole bado kilikuwa kwenye jina.

"Kile cha mbao nilikipapasa nikakikuta laini, hakina hata alama ya rangi. Ile siku ya nguzo nilikuwa nimezipapasa asubuhi, kabla hujaja. Ukanisomea hivyo hivyo."

Elifuraha akalishusha gunia. Kwa aibu akajikuta naye amepiga magoti, wawili hao mbele ya jiwe, na dereva mmoja wa lori akapita amevua kofia.

"Ulisoma vizuri," mzee akasema. "Lakini hiki nimekisoma mwenyewe."