Muuaji Lazima Apatikane

Mpangaji wangu wa chumba cha uani alihamia nchi hii nywele zake zikiwa bado nyeusi. Huandika hadithi za upelelezi, na wanaokufa humo ni sisi majirani, ndiyo maana tunamwita Mzee Maiti. Kila sura hutusomea barazani kwanza. Mimi ameshanitia sumu mara mbili, nikafurahi, maana marehemu hasemwi vibaya.

Siku ya sura ya mwisho, muuaji alitokea kuwa muuza nyama mwenye kovu shavuni. Sote tukamgeukia muuza nyama wetu. Akagusa kovu lake, akaenda buchani, akarudi na kisu.

"Nani atanunua nyama kwangu tena?"

"Ndugu yangu, ni hadithi tu," Mzee akasema.

"Mimi si ndugu yako! Nifute!"

"Baba, usinichafulie mkeka kwa damu," nikamwambia mwenye kisu. Hakucheka mtu.

Mzee Maiti akashika kalamu. "Nikikufuta wewe, nimweke nani? Muuaji lazima apatikane."

Muuza nyama akatutazama mmoja mmoja. Tukainamisha vichwa.

"Weka mgeni," akasema. "Mtu wa kuja."

Mzee akafuta, akaandika, akatusomea upya: muuaji ni mgeni mpole aliyepanga chumba uani. Muuza nyama akashusha kisu.

"Hapo sawa!" shemeji yangu akadakia. "Huyo nilimshuku tangu mwanzo."

Wote wakaitikia. Mzee akanigeukia.

"Na wewe, mama?"

Nikainama, nikaanza kukunja mkeka.