Salamu Niliyotumwa Mlimani

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini, hapa Khuwair ya Kusini, Maskati, alileta boksi la ladu, vile vitamu vya sikukuu ya Kihindu ya Diwali. Nilikula moja tu, nikaomba ruhusa, nikatia gari moto kuelekea milimani. Wewe rafiki yangu hutanicheka, ndiyo maana nakwambia.

Miaka ya tisini tulikuwa wageni Ansab, mtaa mwingine wa Maskati: mimi, baba na bibi, wote watu wa Unguja. Baba alikuwa kazini mpaka magharibi. Skuli sikuwa na rafiki hata mmoja. Kiarabu nilikisikia vizuri, lakini kila nikifungua kinywa wenzangu walinicheka lafudhi, basi nikajifunza kunyamaza.

Jirani yetu alikuwa mzee Mhindu, mzaliwa wa Maskati kama babu zake. Usiku wa Diwali alipanga vijitaa ukutani, na kesho yake alipeleka ladu vijiji vya milima ya nyuma ya mji wa Qurayyat, ambako baba yake alikuwa akinunua ndimu kavu. Watoto wake walikuwa ng'ambo, akaomba anichukue mimi.

Bibi aliposikia jina la kijiji cha mwisho, aliacha kupepeta mchele. Ndiko alikotoka baba yake kabla ya kuvuka kwenda Unguja. Bibi mwenyewe hakupata kukiona, na magoti hayakumruhusu kupanda.

"Waambie mie mtoto wa ndugu yao, nshakuja," alisema. "Nnakutuma kama mtu mzima, usinitie aibu."

Barabara haikuwepo. Mwongoza njia alitangulia na punda aliyebeba maboksi, akitukumbusha kila kona kwamba jabali halikimbii. Nakumbuka maji yakinong'ona mferejini, harufu ya mbuzi na ya mkate unaoiva. Kila mlango jirani alitoa boksi, akauliza habari za wagonjwa, na watoto walimwita ami. Mimi nilifuata nyuma nikikariri sentensi yangu ya Kiarabu.

Kijiji cha mwisho tulikaribishwa tende na kahawa na mama mmoja wa umri wa bibi. Huko ukitosheka hutikisa kikombe. Usipotikisa, wanamimina tu. Nani aliniambia? Kwetu kukataa ndiyo utovu wa adabu. Nilikunywa vikombe saba, macho yamenitoka, mpaka jirani akanishika mkono akanitikisia. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Walicheka kwa mapenzi, sasa najua. Siku ile nilisikia kicheko cha skuli.

"Mtoto wa nani huyu?" yule mama mwenyeji aliuliza.

"Wa jirani zangu, wametoka Zanzibar," jirani akajibu. Ujumbe wangu hakuujua.

Yule mama akaguna. "Ami yangu alikwenda huko. Mama yake alikufa akiangalia njia, akimngoja. Hata salamu hatukupata."

Alikuwa akimsema baba yake bibi. Sentensi nilikuwa nayo ulimini, na niliogopa kuchekwa tena. Niliimeza pamoja na tende.

Tuliporudi Ansab, bibi alikuwa akinisubiri mlangoni. "Wamesemaje?"

"Wamefurahi. Watakuja."

Basi kila Ijumaa bibi alipika mkate wa kumimina, akavaa kanga mpya, akakaa kusikiliza magari. Baba alijitolea kumpandisha kwa punda, bibi akakataa. "Nshatuma salamu. Zamu yao sasa." Mara ngapi nilitaka kumwambia! Nilikuwa mwoga, na uongo ukishalala siku nyingi ndani ya nyumba hauamshiki. Mwaka wa pili akaacha kupika.

Wiki iliyopita nilikuta lami inafika mpaka kijijini. Jirani aliwafuata wanawe ng'ambo zamani, mwongoza njia alikwisha kufa. Mfereji umekauka, na milango yote ina kufuli: wazee wamekufa, vijana wamehamia mjini. Nilisimama mlangoni pa yule mama nikasema ile sentensi, kwa Kiarabu kisichochekwa na mtu, na hapakuwa na wa kuitikia.

Bibi alikufa akiamini ndugu zake wamemkataa. Wao walikufa wakiamini wamesahauliwa. Aliyejua kwamba si kweli nilikuwa mimi peke yangu.